Mlango Uliozibwa kwa Ndani

Inspekta Ngendo alifika wodini saa mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi akiwa tayari amekasirika, na alichokiona pale hakikumpunguzia kitu. Kijana ambaye Inspekta alikuja kumhoji alikuwa amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Jicho lake la kushoto lilikuwa chini ya bandeji nene, mdomo umeshonwa nyuzi sita, na mguu mmoja ulikuwa ndani ya plasta hadi pajani.

"Huyu atakimbia na nini?" alimwuliza askari aliyeketi kando ya kitanda akichezea simu.

Askari aliruka akasimama. "Ni maagizo, madam. Ni mshukiwa wa mauaji."

"Fungua."

"Madam, mkubwa alisema..."

"Nimesema ufungue. Halafu utoke nje, unywe chai, ukirudi uje bila hiyo simu."

Pingu ilifunguka. Kijana alivuta mkono wake taratibu na kuuweka kifuani. Aliitwa Nthiga, mzaliwa wa upande wa Embu, na kwa miaka miwili alikuwa akiuza samaki wa mapambo kwenye kibanda karibu na steji ya Ruring'u. Nyuma ya kibanda, kwa wachache waliomjua, aliuza pia tarantula, wale buibui wa manyoya. Jumatatu mchana umati ulimtoa kibandani, ukachoma kila kilichokuwa ndani, na kama si gari la polisi lililokuwa likipita, ungemchoma naye.

Sababu ilikuwa Tabby. Tabby alikuwa mtaalamu wa maabara katika shule moja ya sekondari, mwenye miaka thelathini na mitatu, aliyeishi peke yake. Jumatatu asubuhi dada yake, Monicah, alimkuta kitandani amekufa. Shingoni palikuwa na matundu mawili mekundu. Sanduku la buibui wake lilikuwa wazi, kifuniko sakafuni. Kliniki ya karibu iliandika "kuumwa na mdudu mwenye sumu" bila hata kumgeuza ubavu, na kituo kikaipokea karatasi hiyo kama vile ilikuwa imeteremka kutoka mbinguni. Maziko yalipangwa Ijumaa. Mkubwa wake Ngendo alikuwa amemkabidhi faili jana jioni kwa maneno matatu: "Kesho uwe umelifunga."

"Nitakuuliza mara moja," Ngendo alimwambia Nthiga. "Ukinidanganya, pingu inarudi. Ulimuuzia nini?"

"Mdogo, afande. Mdogo kabisa." Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. "Wa Trinidad. Akitandaza miguu yote hajai kwenye kifuniko ya chupa ya maziwa ya mtoto. Wanaitwa vibete."

"Watu wanasema lilikuwa jitu la kutisha."

"Watu walikuwa hawajamwona. Mtu hawezi kumwona. Huyo hukaa shimoni, anatoka usiku kidogo, anarudi. Tabby alikuja kwangu miezi tano kabla ya kununua. Miezi tano! Anauliza, anaandika, anaenda. Sijawahi kuwa na mteja kama huyo."

"Sumu yake?"

"Kama nyuki. Inaweza hata isifike nyuki. Na afande, hakuwa hata anaweza kuuma." Nthiga alijaribu kujiinua, akashindwa. "Alhamisi iliyopita Tabby alinipigia simu. Akaniambia, 'Nthiga, amejizibia.' Nikamwambia usimsumbue, anajivua gamba. Wakitaka kujivua gamba hawa huziba mlango wa shimo na udongo na utando, kwa ndani. Wanaweza kaa humo wiki mbili. Na akishajivua, meno yake inakuwa laini kama ya mtoto mchanga. Haingii hata kwa panzi."

Ngendo aliacha kuandika. "Kuna mtu umemwambia hili?"

"Nilimwambia nani? Walikuwa wananipiga."

Inspekta alifungua ukurasa mpya.

"Huna kibali cha hao wadudu," alisema.

"Sina."

"Hilo utalijibu. Lakini utalijibu ukiwa na miguu miwili, mbele ya hakimu."

"Afande, ukienda huko, vaa glavu. Huyo wa Trinidad akikasirika huchapa manyoya ya mgongo na miguu ya nyuma, yanaruka hewani. Yanakwama kwa ngozi, yanawasha siku nyingi. Nilimletea huyo mmoja tu, oda yake. Wale walionichomea walikuwa wa Tanzania wote. Wa huku Afrika hawana hiyo maneno ya kuwasha."

Ngendo aliyaandika maneno hayo yote, akapigia mstari sentensi mbili za mwisho bila kujua bado zingemfaa nini.

*

Nyumba ya Tabby ilikuwa ya vyumba viwili, dirisha la nyuma likitazamana na ukuta wa uwanja wa michezo. Koplo Wambugu alikata utepe wa polisi, akaingia kwanza, kisha akarudi kinyumenyume hadi kizingitini.

"Wambugu, unaogopa nini?"

"Hilo kitu bado halijapatikana, madam. Linaweza kuwa popote."

"Ndiyo maana tumekuja. Ingia."

Ngendo alizunguka chumba bila kugusa kitu. Kitasa cha mlango kilikuwa kizima. Dirisha lilikuwa na vyuma. Tabby alikuwa amemfungulia mtu, au mtu huyo alikuwa na ufunguo wake. Vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa na kuinamishwa kando ya sinki. Katika picha za Jumatatu vilikuwa pale pale, na hakuna aliyejiuliza mwanamke anayeishi peke yake alikunywa chai na nani.

"Hivi vikombe mlichukua alama za vidole?"

Wambugu alitazama viatu vyake. "Tuliambiwa ni buibui, madam."

"Mliambiwa." Ngendo alimeza lile ambalo lilikuwa likimjia. "Vifunge sasa."

Juu ya rafu kulikuwa na sanduku la plastiki angavu, si kubwa kuliko mkate. Ndani yake mlikuwa na udongo uliojaa zaidi ya nusu, kipande cha gome la mti, na kifuniko cha soda kilichotumika kama bakuli la maji. Kando ya sanduku palikuwa na daftari la mazoezi la kurasa tisini na sita.

Alilifungua akiwa amesimama. Mwandiko ulikuwa mdogo na ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuandika lebo za chupa. Mwezi wa pili Tabby alikuwa ameandika:

*Mkubwa wa bluu, kutoka Asia. Anafika sentimita kumi na tano na zaidi. Sumu kali, mwenye hasira. Theuri anasema kama ni buibui basi awe huyu, mtu akiingia aogope. Nimemwambia mimi sitaki mtu aogope nyumbani kwangu.*

Ukurasa wa mwezi wa nne ulikuwa na mstari mmoja tu: *Nimemaliza na Theuri. Nimemwambia asirudi. Nimebadilisha namba.*

Baada ya hapo kurasa zilijaa vibete. Ngendo, ambaye hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kukesha akichagua buibui, alijikuta akisoma kila neno.

*Wa Tanzania. Mdogo, mzuri, hufuma utando kila mahali, hata wanaweza kukaa kadhaa pamoja. Lakini mwepesi mno. Nikifungua kifuniko nitamtafuta hadi Mweiga.*

*Wa Kolombia. Rangi ya chungwa na mabaka meusi kama boga. Huyu ni wa kuonyesha wageni. Mimi sina wageni.*

*Wa Trinidad. Mdogo kuliko wote. Ana alama ya moyo mgongoni. Anapenda kujichimbia na kuachwa. Ubaya: hurusha manyoya. Nimemchagua huyu.*

Kisha, mwezi wa sita: *Amefika leo. Nimeondoa kifuniko haraka na amenirushia manyoya. Nimewashwa siku tatu. Kosa langu. Yamejaa kwenye wavu wa kifuniko, sitausugua, nitazoea.* Na Alhamisi ya wiki iliyopita: *Amejizibia. Sitafungua hadi atoke mwenyewe.*

Ngendo alifunga daftari. "Wambugu, nipe glavu na kijiko cha chai."

"Cha nini, madam?"

"Nataka kubisha hodi."

Alianza kwenye kona, pale utando ulipokuwa mzito. Mlango wa shimo ulikuwa umezibwa kwa donge la udongo lililoshonwa kwa nyuzi nyeupe, gumu kama kizibo. Alilipiga picha mara nne, rula ikiwa kando yake. Nyuzi hazikuwa zimekatika popote. Ndipo alipochimba kutoka ubavuni, punje kwa punje, huku Koplo Wambugu akishika tochi kwa mkono ulionyooka hadi mwisho wake, mwili ukiwa mbali.

Chumba kidogo kilifunguka chini ya udongo. Ndani yake palilala ganda tupu, lenye miguu minane, limekunjamana kama soksi. Nyuma ya ganda, akiwa amejibana ukutani, alikuwa buibui mwenyewe. Hata pamoja na miguu yake, hakuwa mkubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini. Mwili ulikuwa ukimeta, na mgongoni palikuwa na moyo wa rangi ya dhahabu. Chonge zake zilikuwa nyeupe.

"Hajatoka," Wambugu alinong'ona.

"Hajatoka tangu Alhamisi iliyopita. Tabby alikufa Jumapili jioni." Ngendo aliliokota ganda kwa kibano na kulitia kwenye kichupa. "Mtu alifungua hiki kifuniko, akakitupa chini ili tuseme buibui ametoroka. Hakujua mwenye shimo amelala ndani na amejifungia. Wamemtoa kijana wa watu jicho kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimelala!"

Alifoka neno la mwisho hata mbwa wa jirani akabweka. Aliokota kifuniko chenye wavu kutoka sakafuni, akakifunga kwenye mfuko wa ushahidi. Walipofika kwenye gari, ngozi ya mkono wake, pale glavu ilipoishia, ilikuwa imeanza kuwasha.

*

Dakta Nkatha hakupenda kuharakishwa, hata na polisi. Alikuwa Mmeru mwembamba, mwenye miwani ya kusomea aliyoivaa juu ya kichwa na kuisahau.

"Mwili umeandikiwa kibali cha maziko," alisema huku akivuta droo ya mochari. "Kwa nini unakuja leo?"

"Kwa sababu faili nimepewa jana jioni. Nipimie."

Daktari aliinama juu ya shingo ya marehemu na rula ya chuma. Kisha akaenda mezani, akaliweka ganda la buibui chini ya hadubini, akaangalia, akarekebisha, akaangalia tena.

"Ganda hutoka na chonge zake," alisema. "Hii ni bahati yako. Kutoka ncha hadi ncha, milimita mbili hazifiki. Matundu ya shingoni yameachana milimita kumi na moja."

"Kwa hiyo si huyu."

"Huyu angehitaji kuwa na kichwa cha mara sita. Kuna lingine. Chonge ingeacha kidoa kama cha sindano ya kushonea. Haya matundu ni mapana. Hata sindano ninayomchomea binadamu haiachi tundu hivi." Alimgeukia. "Hii ni sindano ya ng'ombe. Tundu moja limeingia hadi kwenye mshipa. La pili limeishia kwenye ngozi tu. Moja lilifanya kazi. Jingine ni mapambo."

Ngendo alishika ukingo wa meza. "Nini kilichoingia?"

"Damu itakwenda Nairobi, majibu ni wiki mbili. Ukiniuliza mimi, ni dawa ya kumlaza ng'ombe. Kipimo cha ng'ombe kwa mtu wa kilo hamsini na tano hakihitaji muda mrefu."

"Na mtu aliyeweka milimita kumi na moja?"

"Huyo alikuwa akifikiria buibui mkubwa. Alipima kwa picha iliyokuwa kichwani mwake." Daktari aliutazama mkono wa Inspekta, ambao Ngendo alikuwa akiukuna bila kujua. "Leta hapo."

Alibandika selotepu kwenye ngozi iliyowiva, akaivuta, akaiweka chini ya hadubini. Akamwita aangalie. Palikuwa na vijiti vyembamba, vyenye miiba midogo kama mshale wa kuvulia samaki.

"Kitu hiki huwezi kukitoa kwa kuosha," Nkatha alisema. "Kikiingia kwenye sufu kinakaa. Yeyote aliyefungua hicho kifuniko bila glavu anajikuna mpaka leo."

Ngendo alikuwa ameshavaa koti lake. "Sitisha maziko."

"Familia itanila nyama."

"Waambie ni mimi. Mimi ndiye ninayekwenda kwao."

*

Nyumbani kwa Monicah, nje kidogo ya Kiganjo, hema la kijani lilikuwa limesimamishwa uani na viti vya plastiki vimepangwa. Ilikuwa saa kumi alasiri, baridi ya Julai ikiuma. Wanawake walikuwa wakipika kando ya hema kwenye moto wa kuni, na kamati ya maziko ilikuwa imeketi chini ya hema. Aliyekuwa akiongea alikuwa mwanamume mnene, aliyevaa koti la sufu la rangi ya kahawia. Watu walimwita Daktari Theuri. Alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini Kiganjo, na hakuna boma la karibu ambalo hakuwa ameingia kuchoma sindano.

"...na tukishazika," Theuri alikuwa akisema, "lazima tufuate hiyo maneno ya huyo kijana wa Embu. Serikali isimwachilie. Ati mtu anauzia wasichana wetu sumu!"

Watu waliitikia kwa sauti nzito. Ngendo alisimama nyuma ya viti akamwacha amalize. Ni Theuri huyu aliyekuwa ametajwa kwenye faili na mashahidi watatu kama mtu wa kwanza kusema neno "buibui" langoni kwa Tabby siku ya Jumatatu, na wa kwanza kuuonyesha umati njia ya kibandani.

"Daktari, tuongee kidogo," alisema.

"Hapa hapa, afande. Hii ni familia."

"Sawa. Hapa hapa." Alitoa kijitabu chake. Wambugu alienda kusimama upande wa pili. "Ulikuwa mchumba wa marehemu."

"Zamani. Tuliachana vizuri. Lakini moyo, unajua..." Alijigusa kifua.

"Mara ya mwisho kuingia nyumba yake?"

"Huo mwezi wa nne. Sijaingia tena."

"Jumatatu je?"

"Nilifika polisi washafunga mlango. Nilibaki kwa geti. Uliza Monicah."

Monicah alikuwa amekuja kutoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama karibu na moto. Aliitikia kwa kichwa. "Hakuingia, afande. Hakuna mtu aliingia isipokuwa mimi na polisi."

"Sanduku la buibui umewahi kulishika, Daktari?"

"Mimi? Mimi naogopa hizo vitu kama kifo."

"Na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kerugoya, kama nilivyoandikisha kwa polisi Jumatatu. Kuna mteja yangu, ng'ombe yake ilikuwa na shida ya kuzaa."

"Koplo amempigia huyo mteja tukiwa njiani. Anasema ulimaliza saa sita mchana ukaondoka."

"Barabara ilikuwa mbaya."

"Buibui aliyemuua Tabby alikuwa namna gani?"

Theuri alitazama watu waliomzunguka, kama mtu anayeombwa kusema kitu ambacho kila mmoja anakijua. "Si ni lile la bluu? Kubwa kama sahani. Alinionyesha kwa simu, nikamwambia, Tabby, hii kitu itakuua. Hakusikia."

"Hakulinunua."

"Nini?"

"Ulipoachwa, alichagua mwingine. Mdogo. Huyu hapa." Ngendo alifungua picha kwenye simu yake, sarafu ya shilingi ishirini ikiwa kando ya buibui, akaizungusha ili wazee wa mbele waione. "Huyu amekuwa amejifungia shimoni tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Nimemchimbua leo kwa mkono wangu. Hajauma mtu. Chonge zake zimeachana milimita mbili. Aliyemtoboa Tabby shingo aliacha milimita kumi na moja, kwa sindano ya ng'ombe, kwa sababu alidhani kwenye sanduku kuna lile la bluu."

Mzee mmoja alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Sindano za ng'ombe ziko Kenya nzima," Theuri alisema. Alikuwa akijikuna kifundo cha mkono.

"Ni kweli. Mikono yako ina nini?"

"Thabai, yale majani yanayowasha. Nilikuwa nakatia ng'ombe majani."

"Lini?"

"Jumapili... Jumatatu."

"Thabai inakuwasha siku nne? Mimi nimezaliwa Othaya, Daktari. Thabai ikikugusa asubuhi, jioni umesahau." Ngendo alikunja mkono wa koti lake mwenyewe na kuonyesha mabaka mekundu, yaliyofanana na ya Theuri kama yamechorwa na mtu mmoja. "Haya nimeyapata leo kwenye kifuniko cha lile sanduku. Ni manyoya ya buibui. Yana miiba, yanaonekana kwenye hadubini, na yakiingia kwenye sufu hayatoki. Wale waliochomwa kibandani walikuwa wa Tanzania, hawana manyoya hayo. Mji huu mzima ulikuwa na mmoja tu wa aina hii, na alikuwa nyumbani kwa Tabby, mahali ambapo umesema mbele ya watu wote hawa kwamba hujaingia tangu mwezi wa nne. Vua koti."

Theuri alisimama. Alifungua vifungo polepole, kimoja kimoja, akitabasamu kidogo kama mtu anayemhurumia mwanamke mwenye kelele. Alilivua koti, akalikunja mara mbili. Wambugu alinyoosha mikono kulipokea. Ndipo Theuri alipogeuka na kulitupa kwa nguvu juu ya vichwa vya watu waliokaa, likaanguka katikati ya moto, chini ya sufuria la maharagwe.

Hakuna aliyesogea isipokuwa mmoja. Monicah aliangusha mwiko, akatia mkono motoni hadi kwenye kiwiko, akalivuta koti nje, akalikandamiza kwenye majani mabichi kwa magoti yake mawili. Upindo ulikuwa umeungua. Mikono ya koti ilikuwa mizima.

"Kwa nini unachoma koti yako, Theuri?" aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa. "Niambie. Kwa nini unachoma koti?"

Wambugu alikuwa amekwisha kumshika Theuri mikono nyuma. Pingu zilipolia, ndipo hema lilipoamka, na wanaume wale wale walioitikia hotuba yake walianza kusukuma viti na kuja mbele. Mmoja alikuwa ameokota kuni.

"Atakayemgusa atalala naye seli moja!" Ngendo alifoka, akajiweka kati yao na mshukiwa. "Rudi nyuma! Wewe mwenye kuni, weka chini. Weka chini! Mmeshamtoa mtu jicho wiki hii kwa kuambiwa. Hamjachoka?"

Mwenye kuni aliiweka chini. Wambugu alimsukuma Theuri ndani ya gari na kufunga mlango. Kupitia kioo alionekana akikuna kifundo cha mkono kwenye chuma cha pingu.

Ngendo alilitia koti kwenye mfuko wa karatasi, akaandika saa na tarehe, akamwomba mzee mwenye kofia na mwanamke mmoja wa jikoni watie sahihi kama mashahidi. Alifanya yote hayo bila kuharakisha. Kisha akamtazama Monicah, aliyekuwa bado amepiga magoti, mkono wake ukianza kutoa malengelenge.

"Utahitaji daktari wa huo mkono."

"Alikula kwangu," Monicah alisema. "Tangu Jumatatu. Kila siku. Mimi nampakulia, anasema tumwombee Tabby." Alifuta uso kwa mkono mzima. "Huyo kijana wa kibanda. Ataona tena?"

"Jicho la kulia, ndiyo. La kushoto limekwenda."

Monicah alifunga macho.

"Kesho ninaanza faili la pili," Ngendo aliendelea, na hakulainisha sauti. "La wale waliompiga. Theuri aliwaonyesha njia, lakini mawe hakuyarusha peke yake. Nataka majina. Kila mtu katika kijiji hiki ataniambia kwamba hakuwepo, na nitakuja mlango kwa mlango mpaka mmoja achoke kudanganya."

Watu chini ya hema walianza kutazama sehemu nyingine. Wawili walikumbuka ng'ombe wao na kutoka polepole kuelekea langoni. Monicah aliwafuata kwa macho hadi wakapotea. Kisha akasimama, akajikung'uta majani magotini, akausogelea ukurasa uliokuwa wazi mkononi mwa Inspekta.

"Mimi nilirusha," alisema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. "Nilirusha jiwe la kwanza. Andika jina langu."

Ngendo alibonyeza kalamu, akaandika.